Kufuta, Kuondoa na Kuteketeza: Uhakiki wa Karatasi Moja ya Maelekezo kutoka Mpanda

Miongoni mwa karatasi tulizoletewa ili tuzisome na kuzitolea maoni, imo moja iliyotoka katika ofisi moja ya Mkoa wa Katavi, mjini Mpanda. Karatasi yenyewe ni fupi, haizidi ukurasa mmoja na nusu. Kichwa chake ni "Namna ya Kufuta Mafaili kwa Jumla katika Hifadhi ya Wingu". Ilitafsiriwa kutoka Kiingereza na mtumishi ambaye kazi yake si ufasiri, akaombwa tu kwa kuwa Kiswahili chake kinasifiwa. Hatuitaji ofisi hiyo wala mtumishi huyo, maana madhumuni ya makala haya si kumtafuta mkosaji. Tena, kama msomaji atakavyoona, sehemu kubwa ya makosa tutakayoyaeleza haikuanzia kwa mfasiri. Ilianzia kwetu sisi tunaotunga istilahi na kuziacha ziende zao bila maelezo.

Tumeichagua karatasi hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili chake ni safi. Upatanisho wa maneno ni sahihi, sentensi ni fupi, na hakuna Kiingereza kilichovishwa viambishi vya Kiswahili. Mwalimu wa lugha angeipa alama za juu. Ya pili ni kwamba, pamoja na usafi huo, karatasi iliwapotosha watu wawili walioifuata, kila mmoja kwa namna yake, na nyaraka za umma zikapotea. Ni dhahiri basi kwamba ufasaha peke yake hautoshi. Tafsiri ya maelekezo hupimwa kwa jambo atakalolitenda msomaji baada ya kuisoma.

Yaliyotokea

Nafasi ya kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta katika ofisi hiyo ilikuwa imejaa. Ikaamuliwa kwamba mafaili ya zamani yapunguzwe. Karatasi ikatoa hatua nne. Kwanza, tafuta mafaili ya zamani yasiyohusu Mkoa. Pili, chagua yote. Tatu, "futa mafaili uliyoyachagua". Nne, "futa mafaili yaliyomo katika tupio".

Watumishi wawili waligawana kazi. Mmoja wao, mama aliyekaa masjala kwa miaka mingi, alifika hatua ya tatu akasimama. Tulipomwuliza baadaye kwa nini hakuendelea, alitujibu, "Wanangu, nilikwisha kufuta. Kitu kilichofutwa kinafutwaje tena?" Aliichukua hatua ya nne kuwa ni marudio, kama ilivyo kawaida ya nyaraka nyingi za ofisi kusema jambo moja mara mbili. Kijana mwenzake, aliyeizoea kompyuta, alizifuata hatua zote nne bila ya kupunguza hata moja.

Katika wiki ya tatu ilibainika kuwa yaliyofutwa ni pamoja na barua na mihtasari ya vikao vya kabla ya mwaka 2012. Hapa hatuna budi kumkumbusha msomaji aliye mbali kwamba Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Kumbukumbu za Mpanda za kabla ya hapo zina jina la Rukwa juu yake. Aliyeambiwa atafute mafaili "ya zamani yasiyohusu Mkoa" aliliona neno Rukwa, akaona kwamba sifa zote mbili zimetimia, akayachagua yote. Kumbe Rukwa ile ndiyo Katavi yenyewe kabla ya kupewa jina lake.

Sehemu aliyoishughulikia mama ilikuwa bado katika tupio, ikarejeshwa yote. Sehemu ya kijana haikuwapo tena. Baadhi ya mafaili hayo yalikuwa na karatasi zake masjala, na kazi ya kuzipiga picha ikaanzwa upya. Mengine hayakuwa na karatasi. Hivyo aliyeielewa karatasi vibaya aliokoa kumbukumbu, na aliyeielewa sawasawa akazipoteza. Karatasi ya maelekezo yenye matokeo kama hayo haina budi kuhakikiwa neno kwa neno.

Faili na jalada

Tuanze na neno ambalo wengi hawatalitilia shaka, yaani faili. Katika masjala zetu, faili na jalada ni kitu kimoja. Ni gamba lenye namba na kichwa cha habari, ambalo ndani yake hufungwa barua nyingi kwa mfuatano, kila barua na namba yake ya folio. Karani akiambiwa "lete faili", huleta gamba pamoja na vyote vilivyomo. Faili moja linaweza kuwa na historia ya shamba, ya shule au ya mtumishi tangu siku ya kwanza.

Katika kompyuta mambo yamegeuka. Faili ni waraka mmoja tu: barua moja, picha moja, jedwali moja. Kitu kinachokusanya mafaili ndicho kinachokaribia jalada la masjala, nacho tumekipa majina mawili yanayoshindana, folda na kabrasha. Neno kabrasha nalo lina kazi yake ya zamani, kwani mjumbe wa kikao hulijua kuwa ni mkusanyiko wa karatasi za mkutano.

Matokeo ni kwamba maneno "futa mafaili" humfikia mtumishi wa masjala na maana moja, na kijana wa kompyuta na maana nyingine. Wa kwanza huwaza vitu vichache vizito, kila kimoja kikihitaji kibali. Wa pili huwaza vitu vingi vyepesi. Lugha iliyo moja inawapa watu wawili wa ofisi moja vipimo viwili vya uzito. Hatudai kwamba neno faili liondolewe katika kompyuta, maana limekwisha kukita mizizi. Tunachodai ni kwamba karatasi yoyote inayomwendea mtumishi wa umma ieleze mwanzoni kwamba faili linalosemwa humo ni waraka mmoja, na kwamba mkusanyiko wake utaitwa folda.

Neno futa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Waraka wa asili, ambao tumepata kuusoma, ulitumia vitenzi vitatu tofauti kwa matendo matatu tofauti. Mfasiri akavipa vyote neno moja, futa. Alifanya hivyo kwa nia njema, tena kwa kutegemea orodha za istilahi ambazo zinaweka neno hilo hilo mbele ya vitenzi vyote vitatu. Lawama hiyo tunaipokea.

Futa ni neno lenye maisha marefu na kazi nyingi. Mwanafunzi hulijua kwa ubao: mwalimu akifuta, maandishi hayapo tena na nafasi yake imebaki tupu. Mwanasheria hulijua kwa namna nyingine. Kesi ikifutwa, jalada lake hubaki mahakamani. Hati ya ardhi ikifutwa, kumbukumbu ya hati hiyo na ya kufutwa kwake hubaki. Usajili wa chama ukifutwa, jina la chama halichanwi katika daftari, bali huandikwa mbele yake kwamba kimefutwa. Kwa lugha ya ubao, kufuta ni kuondoa alama. Kwa lugha ya sheria, kufuta ni kuondoa nguvu ya kitu huku alama yake ikibaki. Mtumishi wa umma ameishi na maana hizo mbili kwa pamoja, naye huchagua mojawapo kwa kutazama mahali neno lilipotumika.

Je, katika hifadhi ya wingu ni ipi? Jibu ni kwamba zimo zote mbili, kwa hatua. Katika huduma nyingi za namna hii, tendo la kwanza huliondoa faili mbele ya macho na kulipeleka mahali pa kungojea, ambapo programu zilizotafsiriwa zimepaita tupio. Faili likiwa humo bado lipo, na bado linakula nafasi. Katika huduma ya Google, tangu Oktoba 2020, kilichomo katika tupio hukaa siku 30 kisha huondoka chenyewe. Katika OneDrive ya Microsoft, muda kwa mtu binafsi ni siku 30, na kwa akaunti za kazi na shule kwa kawaida ni siku 93. Tendo la pili, yaani la kulitoa faili katika tupio kabla ya muda huo, ndilo lisilorudishwa na mtumiaji. Maji yakimwagika hayazoleki.

Zaidi ya hayo kuna tendo la tatu ambalo karatasi yetu haikulitenga kabisa. Katika baadhi ya huduma, mtu aliyeshirikishwa faili lisilo lake anaweza kuliondoa katika orodha yake mwenyewe ya aliyoshirikishwa, na wenzake wakaendelea kuliona. Hapo hakuna kilichofutwa kwa maana yoyote ile. Ameliondoa kwake tu, kama mtu atoaye nakala yake ya barua mezani.

Tuna matendo matatu, basi: kuliondoa faili katika orodha yangu, kulitupa mahali litakapongojea, na kulimaliza. Kiswahili hakikosi maneno ya kuyatenganisha. Ondoa lipo, tupa lipo, na la tatu tutalitaja hivi punde. Umaskini uliokuwamo katika karatasi ni wa orodha zetu, si wa lugha.

Kwa jumla au kwa mkupuo

Kichwa cha karatasi kinasema "kufuta kwa jumla". Mfanyabiashara wa mpunga au wa asali hapo Mpanda analijua neno hilo vizuri: kuna bei ya jumla na bei ya rejareja. Lakini "kwa jumla" humaanisha pia "kwa ujumla wake", yaani chote bila kubakiza. Kwa hiyo "futa kwa jumla" laweza kusomwa "futa mengi kwa mara moja" au "futa yote kabisa". Waraka wa asili ulikusudia maana ya kwanza tu. Karatasi ikaruhusu zote mbili.

Wengine wamependekeza "kwa wingi". Neno hili halina hatari hiyo, lakini linasema habari za idadi tu, halisemi habari za tendo. Mtu anaweza kufuta mafaili kwa wingi kwa kuyafuta moja moja kutwa nzima. Jambo tunalotaka kulitaja ni kwamba mengi yanapatwa na tendo moja, kwa bonyezo moja.

Kwa maoni yetu neno lifaalo ni mkupuo. Mtumishi wa umma halihitaji kufundishwa neno hili, maana amelisikia sana katika habari za mafao ya kustaafu: malipo ya mkupuo ni yale yanayotolewa kwa mara moja, na malipo ya kila mwezi ni mengine. Tena asili yake katika kitenzi kupua, chenye maana ya kukung'uta na kutupa, inaafikiana na jambo lenyewe. "Kutupa mafaili kwa mkupuo" husema mengi, husema mara moja, na humtahadharisha msomaji kwamba kosa lake halitakuwa la faili moja.

Wingu na hifadhi

Jina la mahali penyewe linahitaji maelezo. Wingu ni tafsiri ya neno kwa neno ya istiari ya Kiingereza. Wakulima wa bonde la mto Katuma huyatazama mawingu kwa haja; dalili ya mvua ni mawingu, nayo huja na kupita. Kumwambia mtu kwamba barua zake zimo katika wingu ni kumwambia kwamba hazina mahali. Ukweli ni kinyume chake. Zimo katika kompyuta kubwa, ndani ya majengo yenye anwani, ulinzi na umeme, ambayo mara nyingi yako katika nchi nyingine, na mwenye majengo hayo ana masharti yake.

Neno hifadhi nalo lina kishindo chake katika mkoa huu. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974. Kwa mwenyeji wa Sitalike au Kibaoni, hifadhi ni ardhi yenye mipaka na askari, ambamo kiboko na nyati hawaguswi bila ya ruhusa. Anaposikia kwamba mafaili yamo katika hifadhi, huamini kwamba kuna mlinzi atakayemzuia asiharibu. Mlinzi huyo hayupo. Mwenye ufunguo anaweza kutupa kila kitu, na mara nyingi chombo kitamwuliza swali moja tu kabla ya kumtii.

Kuna hatari nyingine ambayo majina hayo mawili huificha. Wengi hudhani kwamba lililomo katika kompyuta ya ofisi ni moja, na lililomo katika wingu ni nakala ya akiba. Vyombo vinapokuwa vimeunganishwa kwa njia ya kusawazisha, sivyo. Kilichoondolewa upande mmoja huondolewa upande wa pili, na kwa kila mwenzako aliyeunganishwa. Nakala inayokufa pamoja na ya kwanza haiwezi kuitwa akiba.

Hatupendekezi kwamba neno wingu lifukuzwe. Limekwisha kuenea katika magazeti na madarasa, na kulipiga vita ni kupoteza muda. Tunapendekeza kwamba katika maelekezo ya ofisi litumike "ghala la wingu" badala ya "hifadhi ya wingu". Ghala ni mahali pa kuweka na kutoa, lenye mwenyewe na mwenye ufunguo, na kila mtu anajua kwamba asiyechunga ghala hupoteza nafaka.

Sheria inasemaje

Wako watakaosema kwamba tunayakuza mambo, na kwamba vijana hujifunza kompyuta kwa kuitumia bila kusoma karatasi. Jibu letu ni kwamba kumbukumbu za ofisi ya umma si mali ya anayebonyeza. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, inahesabu kumbukumbu bila kujali kama zimeandikwa katika karatasi au chombo kingine, na hairuhusu kumbukumbu za umma ziharibiwe bila ya idhini. Watunza kumbukumbu wana neno lao maalumu kwa tendo hilo linapofanywa kwa utaratibu, nalo ni kuteketeza. Neno hili ni zito, lina harufu ya moto, na hakuna karani atakayeteketeza bila kuuliza kibali kiko wapi. Hilo ndilo neno la tatu tulilokuwa tukilitafuta.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika mwaka 2023, imeleta upande wa pili wa mizani. Mtu anayo haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, zifutwe au ziharibiwe. Ofisi ikimjibu "tumefuta", mtu huyo ana haki ya kujua: mmeziondoa katika orodha, mmezitupa mahali ambapo zitakaa siku 30, au mmeziteketeza? Neno moja lenye maana tatu humwezesha mwenye ofisi kusema kweli na kudanganya kwa wakati mmoja.

Katika Katavi jambo hili si la nadharia. Katumba na Mishamo ni makazi ya watu waliokimbia Burundi tangu mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao. Watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, mkoani Tabora, walikubaliwa uraia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Kwa mtu kama huyo, barua moja ya zamani inayotaja jina la babaye na mahali alipoishi si "faili la zamani lisilohusu Mkoa". Ndiyo njia yake ya kueleza yeye ni nani atakapoulizwa. Hali kadhalika mkulima mwenye mgogoro wa mpaka wa shamba, au mwalimu anayekaribia kustaafu ambaye ajira yake ilianzia chini ya Rukwa.

Mapendekezo

Kwa sababu hizo tunapendekeza kwamba wafasiri wa maelekezo ya kazi watumie istilahi zifuatazo, na kwamba wasizibadilishane ndani ya karatasi moja:

Ondoa: kulitoa faili katika orodha au mwono wa mtumiaji mmoja, bila kuathiri faili lenyewe wala watumiaji wengine.

Tupa: kulipeleka faili katika tupio, ambamo laweza kurejeshwa kabla ya muda uliowekwa kwisha. Muda huo utajwe kwa siku.

Rejesha: kulitoa faili katika tupio na kulirudisha mahali pake.

Teketeza: kulimaliza faili kwa namna ambayo mtumiaji hawezi kulirejesha. Kwa kumbukumbu za umma, neno hili liandamane na maneno "kwa kibali".

Kwa mkupuo: kwa mafaili mengi yanayopatwa na tendo moja.

Ghala la wingu: mahali pa kuwekea mafaili katika kompyuta za mtoa huduma, yanayofikiwa kwa intaneti.

Neno futa libaki katika kazi zake za ubao, za mstari wa maandishi, na za sheria. Tunajua kwamba vitufe vya programu nyingi vimekwisha kuandikwa "futa", na hatuna uwezo wa kuvibadili kesho. Lakini karatasi ya maelekezo ni yetu. Mfasiri anaweza kuandika: "Bonyeza kitufe kilichoandikwa 'futa'. Hapa mafaili yametupwa tu, yanaweza kurejeshwa kwa muda wa siku 30." Sentensi moja kama hiyo ingemtosha mama yule, na ingemzuia kijana.

Tukiiandika upya karatasi ya Mpanda kwa istilahi hizi, hatua zake zitakuwa tano. Tafuta mafaili yaliyotajwa katika orodha iliyoidhinishwa. Yachague, kisha uhesabu na ulinganishe na orodha. Yatupe kwa mkupuo. Subiri, na uwaulize wenzako kama wanakosa kitu. Yateketeze kwa kibali. Hatua ya nne haikuwamo katika waraka wa asili. Tumeiongeza kwa sababu mfasiri wa maelekezo humtumikia mtu atakayetenda, naye ana wajibu wa kusema pale waraka wa asili uliponyamaza. Maneno "ya zamani yasiyohusu Mkoa" tumeyaacha kabisa, kwa kuwa hakuna istilahi itakayomwokoa msomaji na agizo ambalo mwenyewe aliyelitoa hakulifikiri.

Tunawaalika walimu, wafasiri na watumishi wa masjala watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi, hasa wale ambao katika ofisi zao yanatumika maneno mengine yaliyo bora zaidi. Tutapenda pia kuletewa karatasi nyingine za maelekezo, hata zile zinazoonekana kuwa hazina kosa.